Mabel Dove na Majina Yake Manne

(Hotuba kwa waandishi wa habari vijana, Dar es Salaam. Imesafishwa kidogo ili isomeke.)

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana mlioitikia marahaba kule nyuma, nimewasikia, tutaonana wakati wa chai. Wenzangu wa kalamu, wa kipaza sauti na wa kamera, habari za asubuhi.

Walionialika waliniomba nizungumze juu ya mwanamke wa kwanza kuwa mwandishi wa habari barani Afrika. Nimekuja, ila mwanamke huyo sikuja naye. Mashindano ya nani alitangulia hayana mshindi. Ukimtaja wa Accra, atasimama mtu na wa Lagos. Ukikubali wa Lagos, watu wa Alexandria watakukumbusha kwamba Hind Nawfal, binti wa familia iliyotoka Sham, alikuwa na jarida lake la wanawake mjini kwao mwaka 1892. Na tukishampata huyo wa kwanza kabisa tutakuwa tumepata tarehe. Alikuwa akiandika nini, mshahara wake ulitoka wapi, nani alimchukia kwa alichoandika, nani alimfukuza kazi, hayo tarehe haina habari nayo.

Basi nimemleta Mabel Dove wa Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana. Wanaomkumbuka humkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza, alikuwa mke wa Dokta J. B. Danquah, mwanasheria na mwanasiasa mkubwa. La pili, mwaka 1954 aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za wananchi, na kabla yake hakuna mwanamke aliyefanya hivyo nchini humo. Yote mawili ni kweli. Mimi nataka tumtazame kwa jicho letu sisi wa chumba cha habari: mtu mwenye safu, anayedaiwa makala kabla kurasa hazijafungwa, na akishaileta, kesho anadaiwa nyingine.

Utoto wake niupite haraka. Alizaliwa mwaka 1905. Mama yake, Eva Buckman, alikuwa mfanyabiashara wa Osu, mtaa wa Accra, mwanamke wa kabila la Ga. Baba, Francis Dove, alikuwa wakili tajiri mwenye asili ya Sierra Leone, rais wa kwanza wa chama cha mawakili wa Gold Coast. Mzee huyo alikuwa na watoto huku na huku. Mmoja wao, Evelyn, dada yake Mabel kwa baba, alikuja kuwa mwimbaji mwenye jina London, na sauti yake ilisikika BBC. Mabel alipelekwa Freetown akiwa mdogo, akasoma Annie Walsh Memorial, moja ya shule za wasichana za zamani kabisa Afrika Magharibi, kisha akavushwa bahari kwenda shule za Kianglikana Uingereza.

Baba alitaka bibi. Mnanielewa: binti wa sebuleni, mwenye Kiingereza safi, anayejua kushika kikombe, atakayeolewa na wakili mwenzake. Binti akiwa Uingereza akajiandikisha kimyakimya chuo cha uhazili, akajifunza hati mkato na kupiga taipu. Baba aliposikia alikasirika, akamrudisha Freetown. Na huko adhabu haikumkaa vizuri, maana alishiriki kuanzisha klabu ya kriketi ya wasichana, akajiunga na waigizaji wa mjini, akasoma kila kitabu alichokifikia. Alipofika miaka 21 alirudi Gold Coast.

Hapo nawaomba tusimame kidogo. Wanaoandika maisha ya watu mashuhuri hukitaja hicho chuo cha uhazili kwa mstari mmoja wakaenda zao kwenye siasa. Mimi naona ndipo mambo yote yalipoanzia. Kwa ile hati mkato Mabel alipata kazi Elder Dempster, kampuni ya meli iliyokuwa imeshika biashara kati ya pwani ya Afrika Magharibi na Liverpool, akawa mpiga taipu pale kwa miaka minane. Baadaye alifanya kazi G. B. Ollivant, halafu A. G. Leventis, ambako alifika umeneja. Zote hizo zilikuwa kampuni za biashara. Maana yake ni kwamba wakati wote alipokuwa akiwachokoza watu gazetini, kodi yake ya nyumba ilitoka mahali pengine. Mhariri akikata makala yake, mchele upo. Mwanasiasa akimkasirikia, mchele upo. Mnaoishi kwa malipo ya makala moja moja mnajua uzito wa ninachosema.

Tufike sasa kwenye gazeti.

Mwaka 1931 Danquah, aliyekuwa amerudi kutoka London na shahada yake ya udaktari wa falsafa, alianzisha gazeti la kila siku Accra, West Africa Times, ambalo muda si mrefu likaitwa Times of West Africa. Kila siku, jamani. Mji ulikuwa umezoea magazeti ya wiki. Gazeti la kila siku lina njaa ambayo haishibi, na Danquah alijua kwamba wanaume wanaosoma hotuba za gavana peke yao hawatatosha kulilipia wino. Akataka safu ya wanawake. Akamwomba yule binti wa Elder Dempster aiandike. Safu ikaitwa Ladies' Corner, Kona ya Mabibi, na mwandishi wake akaitwa Marjorie Mensah.

Lakabu halikuwa jambo la ajabu. Magazeti ya Afrika Magharibi wakati huo yalijaa watu wasiokuwepo. Makarani wa serikali walijificha ili wasipoteze kazi, wengine walijificha wasishtakiwe. Hata hapa kwetu, fungueni Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, muone washairi walivyokuwa wakijibizana kwa lakabu, na kila mmoja anajua yule ni nani. Lakini karani akijificha alikuwa anamkimbia bosi mmoja. Mwanamke mwenye jina la familia kubwa, katika mji mdogo, alikuwa anawakimbia bosi, mchungaji, shangazi, na wanaume wote waliodhani siku moja watakuja kumposa.

Marjorie Mensah aliandika nini? Mapenzi na ndoa, mavazi, adabu za mezani, wasichana wa ofisini, elimu ya mabinti, wanaume wanaoahidi wasichotekeleza. Mtu mwenye haraka atasema, aa, udaku tu huo. Soma polepole. Aliwaambia wanawake wenzake waliosoma kwamba ule ubibi walioletewa na wamisionari, wa kukaa kimya na kutabasamu, umepitwa na wakati hata huko ulikotoka. Aliwataka watake kazi, watake haki zao. Alikuwa mcheshi, na ucheshi ule ulikuwa na meno. Msomaji anacheka hadi mwisho wa aya, ndipo anagundua aliyekuwa anachekwa ni yeye.

Safu ikapendwa. Barua zikamiminika. Na miongoni mwa zile barua likazuka swali ambalo kila mwanamke humu ndani amewahi kuulizwa kwa namna moja au nyingine: hivi kweli hii imeandikwa na mwanamke? Wasomaji wanaume walibishana. Wengine waliapa kwamba Marjorie Mensah ni mwanamume, maana Kiingereza kile na ule ujuaji haviwezi kutoka kwa bibi.

Balaa ikaja kutoka ndani ya nyumba. Palikuwa na mshairi kutoka West Indies, Kenneth MacNeill Stewart, aliyefanya kazi katika gazeti lilelile. Mwaka 1933 kikatoka kitabu London cha maandishi teule ya Marjorie Mensah, na mtu aliyekuwa nyuma ya kitabu ni Stewart. Mwaka uliofuata shauri likafika kortini Accra: Marjorie Mensah ni nani, na maneno yake ni mali ya nani?

Fikirini hali ile. Kwa miaka kama mitatu mwanamke huyu amekuwa akiandika nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe, na sasa anasimama mbele ya hakimu kuthibitisha kwamba mikono iliyokuwa nyuma ya pazia ni yake. Lakabu iliyomkinga na mchungaji na shangazi ndiyo hiyo iliyompa mwanamume nafasi ya kusema safu ni yake. Wengi wetu tumeona mambo ya namna hii kwa kiasi kidogo zaidi. Unaleta habari, inatoka kwa jina la "Mwandishi Wetu", na wiki ijayo mwenzako anaalikwa redioni kuielezea.

Mwaka huohuo wa 1933 Mabel alikuwa ameolewa na mwenye gazeti, Danquah mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa mke wa mhariri wake, jambo ambalo simshauri mtu.

Mwaka 1934 alifanya kitu ninachokipenda kuliko vyote alivyoandika miaka ile. Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia ambaye dunia nzima ya Kiingereza ilikuwa ikimsujudia, alikuwa ametoa hadithi mwaka 1932 juu ya msichana mweusi anayezunguka msituni na rungu akimtafuta Mungu. Kila mungu anayekutana naye anamkuta na kasoro, na mwisho msichana anaozwa mzungu wa Ireland mwenye bustani, anazaa, habari imekwisha. Mabel akajibu kwa hadithi ya mfululizo gazetini. Safari hii msichana mweusi anamtafuta Bwana Shaw. Basi. Huhitaji hata kuisoma kuona pigo lilipotua. Mtu mkubwa wa London amejifanya anajua msichana mweusi anatafuta nini maishani, na mpiga taipu wa Accra anamwambia, ngoja tukutafute wewe, tukuone vizuri.

Hii ndiyo Kona ya Mabibi, wapendwa. Haya yalipita kwenye gazeti lilelile lililodhaniwa limewatengea wanawake ukurasa wa mapishi.

Mwaka huo wa 1934 hali ya hewa ikachafuka. Gavana Shenton Thomas alipitisha sheria ya uchochezi, na wenye magazeti wakajua shabaha ni wao. Danquah akasafiri London na ujumbe uliokwenda kulalamika, yeye akiwa katibu, na baada ya wenzake kurudi akabaki huko hadi 1936, akijifungia kwenye maktaba za watu. Gazeti lake likafa 1935. Marjorie Mensah akafa nalo.

Mabel hakufa. Alihamia African Morning Post, lililokuwa likihaririwa na kijana wa Kinigeria aliyetoka kusoma Marekani, Nnamdi Azikiwe, huyo ambaye baadaye atakuwa rais wa nchi yake. Akajipa jina jipya, Dama Dumas, akaandika pale hadi 1940. Na kati ya 1936 na 1937 alikuwa pia na safu katika Daily Times ya Nigeria, humo akiitwa Ebun Alakija, jina la Kiyoruba kabisa, Mlagosi mtupu. Ana mtoto, ana kazi ya ofisini, mume yuko mbali kisha yuko karibu kisha ndoa yenyewe inayumba, na makala zinatoka katika nchi mbili kwa majina mawili. Kuna watu humu hawajawahi kutuma makala mbili kwa wiki na wanasema wamechoka. Natania. Kidogo.

Wakati Dama Dumas akiandika kwenye lile gazeti, serikali ikaikamata kalamu ya jirani yake. Mei 1936 gazeti lilichapa makala ya Wallace-Johnson, mwanaharakati wa Sierra Leone, iliyowasuta Wazungu na mungu wao wa udanganyifu, na yeye pamoja na Azikiwe wakashtakiwa kwa uchochezi. Azikiwe alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini, akashinda rufaa mwaka 1937, akarudi Nigeria. Safu ya Dama Dumas haikuguswa. Wapelelezi walikuwa wakipekua kurasa za siasa kwa miwani, na ukurasa wa wanawake wakaupita kama mtu anavyopita jikoni akienda sebuleni kutafuta silaha, kumbe visu viko jikoni.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi tushukuru kuwekwa kona. Kona ni kona. Nasema alipopewa kona hakungoja kuhamishiwa ukurasa wa mbele ndipo aanze kazi.

Sasa miaka ya 1940. Ndoa ilivunjika katikati ya muongo huo. Aliandika hadithi fupi, na moja niwasimulie kwa sababu inamwonyesha alivyo. Chifu mkuu anasherehekea miaka ya utawala wake, ngoma zinalia, mwavuli juu, dhahabu mikononi. Ana wake arobaini. Katikati ya sherehe anamwona binti anayecheza, macho yanamtoka. Anatuma watu, mali inatolewa, binti analetwa usiku. Chifu amejaa furaha. Binti anamwambia, kwa heshima zote, kwamba mahari yake ilishalipwa miaka miwili iliyopita. Yeye ni mke wake tayari. Mzee alikuwa amesahau.

Hadithi hiyo ilitoka 1947, na mwaka 1960 Langston Hughes, mshairi wa Marekani, aliichagua katika mkusanyiko wake wa maandishi ya Waafrika. Hamna hotuba hata moja ndani yake kuhusu uke wenza. Ni mzee mmoja tu na kumbukumbu yake. Mwandishi wa safu ya kila siku hujifunza hilo kwa lazima: nafasi ni ndogo, hoja ipite ndani ya kisa.

Halafu akaja Nkrumah.

Mtakumbuka mtiririko. Mwaka 1947 Danquah na wenzake wanaanzisha chama cha UGCC, wanamleta Kwame Nkrumah kutoka London awe katibu. Februari 1948 polisi wanawapiga risasi askari wa zamani wa vita waliokuwa wakiandamana Accra, mji unawaka moto. Septemba 1948 Nkrumah anaanzisha gazeti, Accra Evening News. Juni 1949 anajitenga na wakubwa wake na kuunda chama chake, CPP. Januari 1950 anaitisha mgomo wa nchi nzima, anafungwa jela ya James Fort. Upande mmoja, mawakili wenye suti wanaosema uhuru uje kwa wakati wake. Upande wa pili, walimu wa shule za msingi, makarani, madereva, na akina mama wa sokoni wanaosema uhuru sasa.

Mabel Dove, binti wa wakili, aliyesoma Uingereza, mtaliki wa Danquah mwenyewe, kila kitu katika asili yake kilimvuta upande wa suti. Akaenda upande wa soko. Akaanza kuandika katika Accra Evening News akidai Nkrumah aachiwe, na safari hii jina lake lilikuwa Akosua Dzatsui. Tazameni safari ya hayo majina: Marjorie, Dama, Ebun, Akosua. Jina la kwanza lingeweza kuwa la msichana wa Brighton. La mwisho huwezi kulipeleka popote nje ya Gold Coast. Akosua hakuwa akiwaandikia tena mabibi wachache wenye piano. Alikuwa akiwaandikia wanawake wanaosomewa gazeti na watoto wao, sokoni.

Lile gazeti halikuwa ofisi ya starehe. Lilishtakiwa kwa kashfa mara kwa mara. Wenzake wengine waliingia jela, kama Akua Asabea Ayisi, ambaye baadaye alikuwa hakimu. Sisi tunalifahamu jambo hili kwa karibu: Sauti ya TANU ilianza 1957, na 1958 Mwalimu Nyerere alikuwa kizimbani kwa kashfa kutokana na alichoandika humo, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Magazeti ya vyama vya uhuru yalichapwa huku mlango ukiwa umefunguliwa kidogo, ili mtu aone nani anapanda ngazi.

Februari 1951 CPP ilishinda uchaguzi, Nkrumah akatoka gerezani na kwenda moja kwa moja kuongoza serikali. Mwaka huo Mabel Dove akateuliwa mhariri wa Accra Evening News. Mwanamke, kiti cha mhariri, gazeti la chama kinachoshika nchi. Kwa jina lake halisi.

Alikaa miezi mitano. Nkrumah mwenyewe alimwondoa. Walitofautiana juu ya namna ya kuhariri gazeti.

Mimi nimekaa chumba cha habari muda mrefu kuliko inavyofaa afya ya mtu, kwa hiyo natoa maoni yangu, nanyi mna ruhusa ya kuyakataa. Kwa miaka ishirini, akiwa mtu asiyekuwepo, mwanamke huyu alisema alichotaka. Alimsema chifu, alimsema mchungaji, alimsema Bernard Shaw, alimsema gavana. Alipopewa ofisi, mlango wenye kibandiko na saini yake chini ya gazeti, uhuru wake ulidumu miezi mitano. Lakabu ilimpa kitu ambacho cheo hakikumpa. Na hakuondolewa na mkoloni. Aliondolewa na mtu aliyekuwa amempigania atoke jela, mtu ambaye Mabel aliendelea kumwamini na kumtetea hata baada ya kufukuzwa. Nkrumah alitaka gazeti liwe mkono wa chama. Mabel alikuwa mwanachama wa damu, lakini alikuwa pia mwandishi, na mwandishi akikaa kwenye kiti cha mhariri huanza kuuliza maswali ambayo mkono hauulizi.

Najua baadhi yenu mnafanya kazi katika vyombo vyenye wenyewe. Sitauliza nani.

Je, alisusa? Hakususa. Alirudi kwenye kazi ya chama. CPP mwaka huo ilikuwa imewaajiri wanawake kama makatibu wa uenezi, Hannah Cudjoe na Leticia Quaye miongoni mwao, wakizunguka vijijini kuhutubia. Uchaguzi wa 1954 ulipofika, viti 104, chama kikamsimamisha Mabel Dove katika jimbo la Ga Rural, nje kidogo ya Accra, kwa watu wa mama yake. Akashinda. Na katika uchaguzi huohuo, Dokta Danquah, yule aliyemwomba aandike safu ya mabibi, alipoteza kiti chake kwa jamaa yake mwenyewe wa ukoo wa Ofori Atta. Waandishi wa riwaya wangeona aibu kubuni kitu kama hicho.

Miaka minne baadaye, hapa Tanganyika, Sophia Mustafa naye alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kutoka Jimbo la Kaskazini. Nalitaja kwa wale wanaodhani wanawake waliingia mabaraza ya Afrika kwa kuletewa viti maalumu. Ghana ilitunga sheria ya kuongeza wabunge wanawake kumi mwaka 1960. Mabel alikuwa ameshaingia kwa kura na kutoka, maana ubunge wake ulikwisha mwaka 1956, kabla nchi haijapata uhuru tarehe 6 Machi 1957.

Nakiri ubunge wake haunisisimui sana. Miaka miwili katika baraza, ndiyo, heshima kubwa. Lakini nikiweka upande mmoja miaka hiyo miwili, na upande mwingine makala alizotoa tangu 1931, mezani, baada ya saa za kazi, naujua upande niliojifunza kitu.

Yaliyofuata yalikuwa machungu kwa wote. Mwaka 1960 Danquah aligombea urais dhidi ya Nkrumah, akashindwa. Akawekwa kizuizini bila kesi, akaachiwa, akakamatwa tena, akafia gereza la Nsawam Februari 1965. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1966, jeshi lilimpindua Nkrumah. Wanaume wawili waliompa Mabel magazeti ya kuandikia, mmoja alifia katika gereza la mwenzake, na mwenzake alifia ugenini mwaka 1972. Mwaka huohuo wa 1972 Mabel alipofuka. Aliishi miaka kumi na miwili mingine, akafariki 1984.

Makala zake zilibaki kwenye magazeti yale ya zamani, chini ya majina manne, na mtafiti asiyejua majina hayo alizipita. Mwaka 2004 watafiti wawili wanawake, Stephanie Newell wa Uingereza na Audrey Gadzekpo wa Ghana, walizikusanya na kuzitoa pamoja katika kitabu kimoja. Gadzekpo mwenyewe ni mwandishi na mwalimu wa waandishi.

Nina ombi moja la kazi, la kweli kabisa. Magazeti yetu ya zamani ya Kiswahili nayo yana kurasa za wanawake, zina lakabu, zina barua za "mama wa nyumbani" fulani wa Tanga na "binti mpenda haki" wa Dodoma. Yapo kwenye majalada na filamu za maktaba. Mwenye nafasi aende na daftari, aandike lakabu moja moja, kisha awatafute waliokuwa wahariri wakati huo wakiwa bado hai awaulize: huyu alikuwa nani? Wengine wao wameketi mstari huu wa mbele. Bibi pale amekwishaanza kucheka, kwa hiyo tuanze na yeye. Mpeni kipaza sauti.